Mjomba anatoka Maskati: alete mashine ipi ya gemu?

Swali: Asalaam aleikum kaka fundi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Chumbageni hapa Tanga. Wa kiume ana miaka 14, wa kike ana 9. Kaka yangu yuko Maskati, anakuja likizo na ameahidi kuwaletea wapwa zake mashine ya gemu, ila kaniachia mimi nichague. Mkubwa anataka PS5 Pro, anasema bila hiyo hatacheza GTA 6. Mdogo aliishika Nintendo Switch 2 ya binamu yake Dar na tangu hapo halali. Kaka naye dukani kaonyeshwa Xbox Series S, ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, na PS5 isiyo na CD ambayo nayo ina nafuu. Mimi sijui hata moja. TV yetu ni ya inchi 32, intaneti ni bando la simu, na umeme unaujua mwenyewe. Alete ipi?

Jibu: Waaleikum salaam dada yangu. Nianze na jibu lenyewe ili kaka asiendelee kuzunguka madukani: alete PS5 ya kawaida yenye tundu la CD. Pro aiache, ile isiyo na tundu aiache, na Series S aiache. Switch 2 nitaizungumza kwa kirefu kidogo, maana binti yako hajakosea kuipenda, lakini isiwe mashine ya kwanza ya nyumba yenu. Sababu zangu zote zimo kwenye yale mambo matatu uliyoyataja mwishoni kama vile ni madogo: TV ya inchi 32, bando la simu na umeme.

Mtu akija kwangu Ngamiani kuniuliza anunue mashine gani, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni gemu atazipataje. Mashine isiyo na tundu la CD ni kama jiko la gesi linalokubali mtungi wa duka moja tu. Gesi ikiisha unarudi kwa yule yule, kwa bei yake, na siku akifunga duka hupiki. Gemu zake zote zinauzwa kwenye duka la intaneti la kampuni iliyoitengeneza, unazipakua, na zinakaa kwenye akaunti yako peke yako. Jirani huwezi kumuazima. Ukiichoka huwezi kuiuza. Na huko kupakua ndiko kunakowatoa watu jasho, kwa sababu gemu kubwa za siku hizi zinafika GB 100 na kupita. Chukua bei ya GB 1 unayonunua kwenye simu yako, izidishe mara 100, halafu juu yake uweke bei ya gemu. Na hapo omba bando lisikukatikie njiani.

Gemu ya CD unaiingiza, mashine inainakili ndani, watoto wanacheza. Apdeti zipo, na nyingine ni kubwa kweli, lakini kwa gemu nyingi ukizikataa gemu inacheza vilevile kama ilivyotoka kiwandani.

Nakwambia haya kwa uchungu kidogo, maana mimi nimekulia kwenye CD. Nilianza na PS2 kwenye banda moja la barabara ya 12: benchi la mbao, TV ya chogo, pedi mbili zilizozungushiwa solotepu, na mpira wa Winning Eleven asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Anayeshinda anabaki, anayefungwa anampisha mwenzake. Kila mmoja wetu alitembea na memori kadi yake mfukoni, ya MB 8 tu, kidude cha ukubwa wa kiberiti, na humo ndimo ilimokaa timu yake aliyoijenga miezi mitatu. CD zenyewe zilikuwa zinasafiri. Wiki hii iko Makorora, wiki ijayo Msambweni, inarudi Jumamosi ina mikwaruzo, tunaifuta kwa pamba na dawa ya meno, inasoma, tunaendelea. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kununua gemu kumi, lakini mtaa mzima kwa pamoja ulikuwa nazo thelathini.

Mzunguko huo haujafa. Leo hii hapa Tanga ukiwa na CD ya PS4 unaweza kuibadilisha: unatoa yako, unaongeza pesa kidogo, unachukua nyingine. Na PS5 yenye tundu inasoma CD za PS4. Zaidi ya gemu 4,000 za PS4 zinacheza humo, ni chache sana zinazogoma. Maana yake wanao hawatasubiri mjomba aje tena likizo ndipo wapate gemu mpya. Za PS3 na PS2 haisomi, hilo ulijue mapema asije mtu akakuuzia rundo la CD za zamani.

Sasa nisikufiche, CD peke yake si kinga ya kila kitu. Kuna gemu zinauzwa kwenye CD na bado hazisogei bila intaneti. Gran Turismo 7 ni gemu ya magari nzuri sana, mimi mwenyewe naipenda, lakini karibu kila kitu ndani yake kinadai mtandao. Machi 2022, wiki chache tu baada ya kutoka, mitambo ya kampuni ilizimika kwa zaidi ya saa 30, na watu duniani kote wakabaki na CD mkononi isiyofaa kitu. The Crew, gemu nyingine ya magari ya kampuni ya Ubisoft, iliishia pabaya zaidi: tarehe 31 Machi 2024 mitambo ilizimwa moja kwa moja, na mtu aliyeinunua dukani kwa pesa yake hana tena cha kucheza. Hasira za jambo lile ndizo zilizozaa kampeni ya Stop Killing Games, iliyokusanya saini zaidi ya milioni 1 katika nchi za Umoja wa Ulaya ikidai gemu iliyouzwa isiuliwe kwa namna hiyo. Naiunga mkono kwa moyo wote. Kwa hiyo kila gemu kabla ya kulipa, kaka asome nyuma ya kasha, yale maandishi madogo ya chini. Yakisema intaneti ni lazima, airudishe kwenye rafu.

Kuna na suala la akaunti. PlayStation Network, ule mtandao wa Sony wa kununulia gemu na kucheza na watu wa mbali, haujafunguliwa rasmi kwa Tanzania. Wengi wetu tunafungua akaunti kwa jina la nchi nyingine, na mambo yanakwenda, mpaka siku yanapogoma. Mei 2024 wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waliambiwa wafungue akaunti za mtandao huo. Watu wakapiga kelele, agizo likafutwa, lakini gemu ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170 yasiyo na huduma hiyo. Mimi yamenikuta ya kwangu. Niliwahi kununua kadi ya vocha kwa muuzaji mmoja, akaniapia kwamba inakubali akaunti yoyote. Kumbe kadi inafuata nchi ya akaunti. Namba ilikataliwa, na muuzaji akasema ukishaikwangua hairudishwi. Ninyi mna bahati, Omani imo kwenye orodha ya Sony. Kaka yako anaweza kufungua akaunti ya Omani akiwa kule kule anakoishi, akanunua kadi za kule, na kila kitu kikalingana. Ahakikishe tu nchi anaiweka sawasawa mara ya kwanza, kwa sababu haibadilishwi baadaye.

Xbox Series S sitakaa nayo sana. Ni nafuu, ni ndogo, inapendeza mezani, lakini haina tundu la CD kabisa. Ndani imeandikwa GB 512 na zinazobaki za kuwekea gemu ni kama GB 364, yaani gemu kubwa tatu au nne imejaa. Imetengenezwa kwa mtu mwenye intaneti ya waya nyumbani isiyohesabiwa GB, anayelipia Game Pass kila mwezi na kupakua apendavyo. Kwa mtu huyo ni kitu kizuri. Na kama ni kuogopa kukosa gemu za Xbox, siku hizi Microsoft yenyewe inazileta PlayStation: Forza Horizon 5 ilifika PS5 Aprili 2025, Gears of War ikafuata Agosti mwaka huo huo.

Pro nayo. Mwambie kijana kwamba PS5 Pro, iliyotoka Novemba 2024, nguvu yake ya ziada ni ya kuchora picha kali kwa TV ya 4K. TV hiyo ina nukta 3,840 kwa 2,160. TV nyingi za inchi 32 tulizonazo majumbani zina nukta 1,366 kwa 768, yaani ile ya 4K inaizidi karibu mara nane. Utalipia samli ya kilo nzima halafu uipakulie kwenye kijiko cha chai. Tena Pro haiji na tundu la CD, unalinunua pembeni. Gemu ni zile zile, hakuna hata moja inayocheza kwenye Pro ikakataa kwenye PS5 ya kawaida.

Usisubiri bei ishuke, kama kuna mtu amekushauri hivyo. Zamani ushauri huo ulikuwa wa kweli. PS2 iliingia Marekani mwaka 2000 kwa dola 299, na mwaka 2009 ikawa dola 99. PS5 imekwenda kinyume: yenye CD ilianza kwa dola 499 Novemba 2020, na Agosti 2025, karibu miaka mitano baadaye, Sony ikaipandisha Marekani hadi dola 549.99. Mjomba akipata ya bei ya kawaida huko Maskati aichukue.

Nije kwa binti. Switch 2 imetoka tarehe 5 Juni 2025, na kuna jambo moja inazishinda zote hapa kwetu: ina betri na kioo chake yenyewe. TANESCO wakikata, PS5 inakufa na TV inakufa, lakini mtoto mwenye Switch 2 anaendelea saa 2 mpaka 6 na nusu kulingana na gemu. Ukiichomeka kwenye TV inakuwa mashine ya nyumbani. Gemu zake za watoto, mambo ya Mario na wenzake, sijaona anayezifikia kwa kumfurahisha mtoto wa miaka 9 bila kumwonyesha damu. Mtu aliyesema gemu hizo ni za watoto tu hajawahi kufungwa Mario Kart na mtoto.

Kinachonizuia ni viwili. Gemu zake mpya ni ghali: Mario Kart World iliingia sokoni Marekani kwa karibu dola 80, na hapa Tanga watu wenye Switch nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kwa hiyo hakuna wa kubadilishana naye. Cha pili kinaniudhi zaidi. Baadhi ya kadi za gemu za Switch 2 ndani hazina gemu. Unanunua kasha, unapata kadi, unaichomeka, nayo inakwambia sasa pakua gemu kwa intaneti. Kadi ni ufunguo tu, nyumba iko kwingine. Makasha ya namna hiyo yana maandishi mbele kwa chini yenye picha ya ufunguo. Kama siku moja mtanunua Switch 2, na natamani mnunue, muyakwepe hayo. Kadi za Switch ya kwanza ya 2017 nyingi zinacheza humo vizuri, na nyingi kati ya hizo zina gemu kamili ndani.

Na kama kaka atasema PS5 imemzidi, msihangaike na zile mbili zisizo na tundu. Tafuteni PS4 Slim iliyotumika, na hiyo si lazima itoke Maskati. Mpira wa EA wa 2025, FC 26, ule ambao sisi bado tunauita FIFA ingawa jina hilo lilikoma na toleo la 23, umetoka mpaka kwa PS4. Ukiletewa ya mkononi, fungua mipangilio utazame toleo la programu yake. Liwe 9.00 au zaidi. Chini ya hapo kuna kibetri kidogo cha saa ndani ya mashine ambacho kikifa, gemu zinaweza kukataa kucheza mpaka mashine iguse mtandao. Toleo la 9.00 la mwaka 2021 liliondoa ugonjwa huo. Usiiondoe dukani kabla hujaingiza CD ukaisikia inavyosoma.

Umeme sasa, na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo wateja wangu wengi wanapotokea. Matumizi yenyewe hayatishi. PS5 ikicheza gemu nzito inakula kama wati 200. Saa tatu kwa siku ni yuniti 0.6, kwa tarifa ya kawaida ni kama shilingi 210. Hatari iko kwenye kukatika na kurudi. Umeme ukikatika mtoto akiwa anahifadhi mchezo, faili linaweza kuharibika, na maendeleo ya wiki mbili yakapotea. Ukirudi, unarudi kwa kishindo na volti zimepanda. Nunua gadi, hata ile ya friji inafaa, kwa sababu inasubiri dakika chache umeme utulie ndipo ipitishe. UPS ndogo ni bora zaidi, itawapa dakika za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Na wazoeshe watoto kuzima mashine kabisa. Ile hali ya kulala, taa ikabaki ya chungwa, kwa umeme wetu ni kuiacha mashine mlangoni usiku.

Halafu kuna chumvi. Hapa ni pwani, upepo wa bahari haumwachi mtu. Wiki chache zilizopita niliifungua PS4 iliyotoka nyumba ya Raskazone, hatua chache kutoka majini. Kichuma kinachozunguka tundu la HDMI kilikuwa kimeota ukungu wa kijani. Skrubu mbili zilishika kutu nikazitoa kwa koleo. Kwenye mapezi ya kupoozea, vumbi lilikuwa limegandamana na unyevu kama sufi iliyonyeshewa, hewa haipiti hata tone, na feni ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga. Mwenyewe alishangaa sana, kwa sababu mashine aliitunza: miaka yote aliifunika kitambaa cha kufuma, kile cha juu ya TV, na watoto walikuwa wanacheza kitambaa kikiwa juu. Joto lilikosa pa kutokea.

Kwa hiyo yenu mwiweke juu ya meza yenye nafasi pande zote, mbali na dirisha linaloelekea baharini, isiingie ndani ya kabati la TV, na isifunikwe ikiwa inafanya kazi. Ikizimwa na kupoa, ifunikeni kwa kitambaa chepesi, hakuna ubaya. PS5 ina vitundu vya kukusanyia vumbi chini ya mabamba yake ya pembeni. Kila baada ya miezi michache toeni mabamba, mvute vumbi kwa mashine ya kunyonya, mrudishe. Zaidi ya hapo msiguse. Kwenye chipu ya PS5 kuna chuma cha majimaji cha kupoozea badala ya ile paste nyeupe tuliyoizoea. Kinapitisha umeme, kikimwagika kwenye bodi ndiyo basi tena. Fundi akikwambia anaifungua kuisafisha ndani, muulize kwanza kuhusu chuma hicho. Akishangaa, beba mashine yako uondoke.

Pedi zitakusumbua kabla ya mashine yenyewe. Siku moja utasikia mtoto analalamika kwamba mchezaji anatembea peke yake. Chini ya kile kijiti cha kidole gumba kuna vijisanduku viwili, na ndani ya kila kimoja kuna utepe mweusi wa kaboni unaokwanguliwa na ulimi mdogo wa chuma kila kijiti kinaposogea. Nikikifungua kilichokwisha, naona unga mweusi kama wanja, na pale kidole kinapopenda kukaa utepe umelika mpaka unang'aa. Hapo hakuna kusafisha. Wanaopulizia spiriti wanakununulia wiki mbili tu. Dawa ni kubadilisha kijiti, na siku hizi vipo vinavyotumia sumaku, visivyogusana na kitu ndani, hivyo havilikwi namna ile. Mimi ndivyo ninavyoweka kwa mteja anayekubali kungoja viletwe. Pedi ya PS4 inaweza kucheza gemu za PS4 juu ya PS5, lakini gemu za PS5 zenyewe inazikataa. Ndiyo maana nataka kaka alete pedi mbili za PS5 moja kwa moja, wanao wacheze pamoja na si kwa zamu.

Kaka akishanunua, mashine isipakiwe kwenye boksi la safari siku hiyo hiyo. Aiwashe nyumbani kwake kwanza. PS5 hizi nyembamba, zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2023, tundu lake la CD linaweza kubanduliwa, na mara ya kwanza linahitaji intaneti ili litambuliwe na mashine. Ni dakika chache, lakini ukikutana nalo Chumbageni usiku bando limeisha, watoto watalia. Alifanye kule kule, apakue programu mpya ya mashine, na kila CD aliyonunua aiingize, aisubiri ipakue apdeti zake, aicheze dakika tano. Intaneti ya huko imfanyie kazi yote. Ikija Tanga, ni kuchomeka tu. Plagi ya Omani ni hii hii yetu ya meno matatu bapa, na volti ni zile zile. Aibebe mkononi kwenye ndege, haifiki kilo nne, na risiti asiitupe, forodhani wataiuliza.

Sasa GTA 6. Kijana wako amesema kweli nusu. Ni kweli imetangazwa kwa PS5 na Xbox za kizazi hiki tu, PS4 haimo, na baada ya kuahirishwa mara mbili Rockstar, wanaoitengeneza, wameitangazia tarehe 19 Novemba 2026. Lakini si lazima iwe Pro, na yeye ana miaka 14. GTA V iliwekewa alama ya miaka 18 Ulaya, na haikuwekewa kwa bahati mbaya: kuna mauaji, kuna makahaba, na kuna sehemu moja mchezaji mwenyewe anashika vifaa vya kumtesa mtu aliyefungwa kitini. Mimi ni mpenzi mkubwa wa gemu hizo na nitainunua hiyo mpya siku itakayotoka, na mwanangu wa umri huo simpi. Usimkatalie kwa kumwambia gemu ni upuuzi, atakudharau kimoyomoyo. Mwambie nimeulizia, nimeambiwa ndani yake mna nini, ngoja ukue. Kisha uingie kwenye mipangilio ya PS5, sehemu ya udhibiti wa wazazi, uweke kikomo cha umri. Namba ya siri ya kiwandani ni 0000, na watoto wote wa mjini wanaijua, kwa hiyo ibadilishe siku ya kwanza kabla hawajarudi shule.

Kuhusu CD za kuanzia, mbili zinatosha. Moja ni Astro Bot, ile iliyoshinda tuzo ya gemu bora ya mwaka 2024 kwenye The Game Awards: karoboti kadogo kanarukaruka sayari hadi sayari, hakadai intaneti, na binti yako wa miaka 9 ataisahau Switch kwa muda. Ya pili ni FC 26, ya wote wawili kwenye kochi moja, na wewe wa tatu ukitaka. Ndani ya mashine kuna na Astro's Playroom inayokuja bure, ambayo imetengenezwa kumfundisha mtu pedi mpya, basi siku ya kwanza waanze na hiyo. Nyingine kaka asinunue. Zikishawachosha hizo, waje nazo Ngamiani Jumamosi mchana, vijana wa kubadilishana huwa wapo, nami nitawakagulia CD wanayopewa kabla hawajaitoa yao.